Kuonja Kabla ya Kununua

Wapenzi wa michezo ya kompyuta wana hoja moja ambayo wamerithishana kwa miaka mingi. Husema hivi: mchezo ni ghali, na maneno ya tangazo si ya kuaminika, basi nitachukua kwanza nakala isiyolipiwa, nicheze, nijue kama unafaa, ukinipendeza, nitakwenda kuununua. Hoja hii haisemwi na wahuni peke yao. Husemwa pia na vijana wa adabu njema, ambao hawawezi kuchukua hata andazi la mtu bila kulipa. Kwa hiyo haifai kuitupa kwa neno moja la "wizi" na kufunga mjadala. Inafaa kupimwa kama hoja nyingine yoyote: ina ukweli gani, na ukweli huo unafika mpaka wapi.

Nimeona kuwa njia nzuri ya kuipima ni kuutazama mchezo mmoja ambao watungaji wake waliamua kuwajibu maharamia kwa vitendo. Mchezo huo unaitwa Game Dev Tycoon. Uliundwa na ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, wenye kampuni ndogo iitwayo Greenheart Games. Mnamo Aprili 2013 waliuweka sokoni kupitia tovuti yao wenyewe kwa bei ya dola 7.99, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama shilingi 13,000 za Tanzania.

Kwanza niuseme mchezo wenyewe. Mchezaji hupewa gereji, kompyuta moja na fedha kidogo, katika miaka ya mwanzo ya 1980. Kazi yake ni kubuni michezo na kuiuza. Huchagua maudhui, huchagua aina ya mchezo na mashine utakaochezewa, kisha hugawa muda wake baina ya hadithi, picha, sauti na mengineyo. Kazi ikiisha, wahakiki hutoa maksi. Wakiisifu, fedha huingia. Wakiiponda, mtu hubaki na deni. Anayefanikiwa huhama gereji, hupanga ofisi na huajiri watu. Mjukuu wangu ameununua, nami nimeucheza kwenye kompyuta yake kwa siku kadhaa. Sifa yake kubwa ni kwamba humfundisha mtu uchumi wa ubunifu bila kumhutubia: unaona kwamba kazi ya miezi mingi inaweza kupotea kwa uamuzi mmoja mbaya. Kasoro yake ni kwamba baada ya saa chache unajua maudhui gani yanapatana na aina gani, na tangu hapo unabaki kufanya hesabu tu. Pia wazo lake si jipya. Kampuni ya Kijapani ya Kairosoft ilikuwa tayari na mchezo wa namna hiyo, Game Dev Story, nao akina Klug hawakuficha kwamba uliwavutia. Lakini hilo si kosa. Sheria za hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe, na mkataba wa TRIPS wa 1994 umelisema jambo hilo waziwazi. Kama isingekuwa hivyo, kila mwandishi wa riwaya ya mapenzi angekuwa mshtakiwa.

Sasa tuje kwenye jibu lao kwa maharamia. Siku mchezo ulipotoka, akina Klug wenyewe waliweka kwenye mitandao ya kugawana nakala toleo lililofanana na lile la kuuzwa karibu kwa kila kitu. Tofauti ilikuwa moja. Katika toleo hili, mchezaji akiisha kuendelea kidogo, hupokea taarifa kwamba watu wengi wanaucheza mchezo wake mpya lakini hawakuununua, wamechukua nakala za wizi. Na kwamba hali ikiendelea hivyo, kampuni itafilisika. Kuanzia hapo mapato hupungua. Abuni vizuri namna gani, mwisho wake ni kufilisika.

Siku ya kwanza watungaji walihesabu wachezaji 3,318. Walionunua walikuwa 214. Wengine 3,104, yaani asilimia 93.6, walikuwa na lile toleo la mtego. Baadaye watungaji walitangaza hadharani walichofanya, wakaonyesha na malalamiko ya wachezaji. Mmoja alitaka kujua kama ndani ya mchezo kuna utafiti anaoweza kuufanya ili kampuni yake ipate kufuli la kuzuia kunakili. Mtu aliyekuwa na nakala ya wizi alikuwa akitafuta dawa ya wizi! Sijui kama mwandishi wa vichekesho angeweza kubuni jambo hilo likaaminika.

Kama kejeli, kazi hii ni ya daraja la juu. Walimu tunajua kuwa mwanafunzi husahau upesi alichoambiwa, lakini hakisahau kirahisi kilichomtokea. Akina Klug hawakuwaambia maharamia kwamba mbunifu huumia. Waliwafanya wawe mbunifu anayeumia, kwa saa moja au mbili, wakiwa na uchungu wa kweli juu ya fedha zisizo za kweli.

Hata hivyo kuna mambo mawili ninayoyatilia shaka. La kwanza ni ile asilimia 93.6, ambayo imetajwa mara nyingi kana kwamba ni hukumu. Nakala ile iligawiwa na watungaji wenyewe, tena siku ya kwanza, wakati mchezo ulikuwa haujajulikana. Aidha, si kila aliyechukua bure angetoa fedha kama bure isingekuwapo. Watu 3,104 waliochukua si wanunuzi 3,104 waliopotea. Namba hii inaonyesha tabia ya watu, haipimi hasara.

La pili ni zito zaidi, nalo linahusu moja kwa moja hoja yetu ya kuonja. Tuwachukue watu wawili waliochukua toleo la mtego. Mmoja hakuwa na nia ya kulipa kamwe. Huyu alipofilisika alikasirika, akaufuta mchezo, akachukua mwingine. Alichopoteza ni jioni moja. Wa pili alichukua kwa nia ya kweli ya kuonja. Yeye aliona mchezo ambao hata ukiucheza vizuri huwezi kuushinda, akahukumu kuwa watungaji wake hawajui kupanga mizani ya mchezo, akaachana nao. Basi mtego ulimgusa mwizi kidogo, ukampotosha mwonjaji. Alipewa chakula kilichotiwa chumvi kupita kiasi, akaambiwa aamue kama mpishi anafaa. Wako watakaosema kwamba alijitakia, maana hakukaribishwa mezani. Ni kweli, na nitalirudia hilo hivi punde. Lakini kama somo, mtego huu ulimfaa zaidi yule aliyesoma habari zake baadaye kuliko yule aliyenaswa.

Sasa niitazame hoja yenyewe. Ukweli wake ni kwamba mnunuzi wa michezo amedanganywa mara nyingi. Dukani, mchezo uliofunguliwa kwa kawaida haukurudishwa. Matangazo yalionyesha kitu kimoja na diski ikawa na kingine. Hata makampuni makubwa yamefanya hivyo karibuni. Cyberpunk 2077 ulitolewa Desemba 2020 ukiwa na kasoro nyingi mno kwenye mashine za zamani, hata Sony ikauondoa katika duka lake la PlayStation siku chache baadaye na kuwarudishia fedha walioomba. Mtu aliyeumwa na nyoka akishtuka kwa ukuti, tusimcheke.

Lakini neno kuonja lina adabu zake, nazo tunazijua tangu utotoni. Muuza machungwa hukata kipande akakupa; wewe huingizi kisu katika fungu lake. Mwenye mali ndiye anayeonjesha. Ndiye anayekadiria ukubwa wa kipande, na anakubali hasara yake akitumaini faida. Kionjo ni zawadi yenye mpaka. Chungwa zima ulilolimenya mwenyewe ukalila halina tena jina la kionjo, hata kama ulisema moyoni kwamba likiwa tamu utalipa.

Biashara ya michezo imewahi kuifuata adabu hii kwa mafanikio makubwa. Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo wa Doom katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya bure, na kila mtu aliruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Aliyetaka sehemu mbili zilizobaki alilipa. Hapo kunakili kulikuwa halali, tena kulikuwa ndiyo tangazo lenyewe. Katika miaka ile magazeti ya michezo ya Ulaya na Marekani yalitoka na diski za vionjo. Na tangu Juni 2015, duka la Steam humruhusu mnunuzi kurudisha mchezo na kupata fedha zake, mradi asiwe amepitisha siku 14 tangu anunue wala saa mbili za kucheza. Huo ni mlango wa kuonjea uliofunguliwa na muuzaji. Pale ambapo mlango huo upo, anayepita dirishani hawezi kusema kwamba alikuwa anatafuta mlango.

Kuna ugumu mwingine. Mwonjaji wa namna hii amejiteua kuwa mnunuzi, shahidi na hakimu katika kesi yake mwenyewe. Yeye ndiye atakayesema kama mchezo "umemfaa" kiasi cha kulipiwa, na atasema hivyo akiwa tayari ameumaliza. Mchezo si kama nguo, ambayo ukiipenda unataka kuendelea kuivaa. Michezo mingi, ikiisha, haja yake imekwisha. Mtu aliyecheza saa kumi na tano akafika mwisho hana tena anachokihitaji kutoka kwa muuzaji. Kilichobaki ni dhamiri tu. Wapo wanaolipa katika hali hiyo, nami nawaheshimu. Lakini wahenga hawakukosea waliposema mchovya asali hachovyi mara moja. Hawakusema kwamba baada ya kuchovya huenda kumtafuta mwenye mzinga.

Msomaji aliyefuatilia mambo haya anaweza kunipinga kwa uchunguzi ulioagizwa na Tume ya Ulaya, uliokamilika 2015 na kujulikana kwa watu mwaka 2017. Uchunguzi huo haukupata ushahidi imara kwamba uharamia kwa jumla unapunguza mauzo, isipokuwa katika filamu mpya. Na kwa upande wa michezo, makadirio yake yalielekea kuonyesha kwamba wanaocheza bure huishia kununua zaidi. Matokeo hayo nayachukulia kwa uzito, na wenye makampuni wangefaa kuyasoma kabla ya kulia. Lakini jumla ya soko ni jambo moja na wajibu wa mtu ni jambo jingine. Kama majirani kumi walichukua mayai yangu, na watatu kati yao wakayapenda hata wakawa wateja wa kudumu, huenda mwisho wa mwaka nimepata faida. Wale saba bado hawajanilipa, na faida yangu haitokani na wema wao.

Hapa kwetu lipo neno jingine ambalo ni lazima lisemwe kwa haki. Kijana wa Tabora au Kigoma aliyetaka mchezo huu mwaka 2013 huenda alikuwa na hizo shilingi 13,000 lakini hakuwa na kadi ya benki ya kulipia ng'ambo. Mwingine hakuwa na fedha kabisa. Miaka niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliona wanachuo wakidurufu kitabu kizima cha saikolojia ya elimu, maana nakala ilikuwa moja maktabani na darasa lilikuwa la watu themanini. Sikuwaita wezi. Lakini hawakuniambia kwamba wanaonja. Walisema: "Mkuu, kitabu hakipatikani, na kingepatikana tusingekiweza." Hiyo ni hoja ya uhitaji. Ina uzito wake na mipaka yake, na mtu anaweza kubishana nayo uso kwa uso. Mwenye uhitaji na aitaje haja yake. Akisema anaonja, na huku hana nia wala njia ya kununua, amejiongezea uongo juu ya deni.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Hoja ya kuonja ni ya kweli inapodai kwamba muuzaji atoe kionjo na apokee bidhaa iliyorudishwa. Huacha kuwa ya kweli pale mtu anapojikatia kionjo mwenyewe, akakila chote, kisha akajipangia siku ya kulipa. Anayetaka kujua kama ana nia njema ajiulize swali moja: katika michezo mitano ya mwisho niliyoionja na kuimaliza, nimelipia mingapi?

Na akina Klug je? Mnamo 2017 na 2018 mchezo wao ulifika kwenye simu, na ndani yake waliweka lile toleo la maharamia kama kiwango cha hiari, kigumu kuliko vyote, kwa yeyote anayetaka kujijaribu. Wanunuzi halali sasa hulipa ili waonje balaa lile lile ambalo wengine walilipata bure. Naona huo ndio uhakiki bora zaidi wa mtego wao: ulikuwa mchezo mzuri kuliko ulivyokuwa adhabu.