Kigoda cha Mgeni

Katika masimulizi ya kale ya Wafipa kimo kisa cha mfalme wa Milansi aliyekwenda kuwinda, na nyuma yake wakafika wanawake watatu wageni. Mkewe aliwapokea, akawaachia kigoda cha mfalme wakakikalia. Mfalme aliporejea, utawala ulikwisha kuhama. Kisa hiki ndicho kiini cha kitabu cha Roy Willis, A State in the Making, kilichotolewa mwaka 1981. Willis aliona ndani yake mapatano baina ya wenyeji na wageni: ukoo wa Watwa ukapata nchi, Milansi ikabaki na heshima ya asili na mambo ya ibada.

Tafsiri hiyo ni nzuri, lakini yastahili kuongezewa jambo moja. Wageni wale walichukua kigoda, wala hawakuchukua lugha. Wazao wao walisema Kifipa, wakawa Wafipa. Waliotawala nchi walitawaliwa na lugha ya nchi.

Willis mwenyewe alikuwa mgeni wa namna hiyo. Mwingereza huyu alikaa Ufipa kati ya mwaka 1962 na 1964, zama ambazo Kiswahili kilitosha kabisa kwa sokoni na barazani. Hata hivyo alizifuata hadithi katika Kifipa, na mwaka 1978 akatoa There Was a Certain Man, kitabu juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa. Sifa yake ni kwamba alikubali kuwa mwanafunzi pale ambapo angaliweza kuwa mgeni tu. Upungufu wake ni kwamba kitabu kinamwelekea msomaji wa Kiingereza. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alipotoa hadithi zake mwaka 1870 aliweka Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili; mwenye lugha aliweza kumhukumu mfasiri wake.

Maana kujifunza lugha kwa kukaa na wenyewe si jambo la masikio peke yake. Lahitaji mwenyeji aliye radhi kusahihisha. Lafcadio Hearn alifika Japani mwaka 1890, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1904, na Kijapani hakukimudu barabara. Mkewe, Koizumi Setsu, alimsimulia hadithi kwa Kijapani kilichorahisishwa kwa ajili yake. Kwaidan, kitabu cha mwaka 1904, kilitokana kwa sehemu kubwa na upendo huo. Lakini upendo huo huo ulimwondolea haja ya kuvuka kizingiti: lugha ilimwinamia, naye hakulazimika kuinuka.

Ndivyo ilivyo Ufipa leo. Mwalimu, mganga au karani anayehamishiwa Sumbawanga au Kaoze husalimu kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Akijaribu maneno mawili ya Kifipa husifiwa, kisha mazungumzo hurudi katika Kiswahili. Adabu hiyo ni kigoda cha pili. Hasara yake huonekana katika jina la mji wenyewe. Wengi walio mbali hulitaja Sumbawanga kwa mzaha wa uchawi, hali wenyeji hulieleza kuwa ni amri: tupa uchawi. Asiyejua Kifipa hudhani jina linakiri lile ambalo linalikataza.

Hapana haja ya kukilaumu Kiswahili, kilichowaunganisha watu wa nchi hii. Lakini lugha iunganishayo yaweza pia kuwa pazia. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwaagiza watu wake kwamba ipitapo miezi sita waseme hata wao kwa wao lugha ya watu wanaokaa nao. Walikuwa na makusudi yao, na makusudi hayo yaweza kujadiliwa. Amri ilikuwa ya haki. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Mwanafunzi wa fasihi anayekwenda Ufipa kukusanya hadithi kwa Kiswahili peke yake angali katika siku ya pili. Kigoda amekwisha kupewa. Jembe hana budi kuliomba mwenyewe.