Nishati Mwendo na Mtazamaji Aliyesahauliwa: Uhakiki wa Fasili Moja ya Fizikia

Fasili iliyozoeleka katika Kiswahili husema kuwa nishati mwendo ni nishati ambayo kitu kinayo kwa sababu ya mwendo wake. Fasili hiyo ni fupi na hukaririka kwa urahisi, lakini haisemi mwendo huo umelinganishwa na nini. Makala haya yanadai kuwa pengo hilo ni la kiisimu: umilikaji uliomo katika neno "kinayo" hufanya uhusiano uonekane kuwa mali ya kitu.

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Gatumba hupita Kajaga. Abiria wa kilo 60, akiwa ndani ya basi liendalo mita 10 kwa sekunde, ana nishati mwendo ya jouli 3,000 kwa mchuuzi aliyesimama kando ya barabara. Kwa abiria aliyeketi jirani naye, ana sifuri. Kwa dereva anayekuja kutoka upande wa pili kwa kasi hiyo hiyo, ana jouli 12,000, kwani kasi imekuwa maradufu na nishati mara nne. Hakuna aliyekosea kati yao.

Mwalimu anaweza kushawishika kulieleza jambo hili kwa vitenzi "kuja" na "kwenda": basi moja linakuja kwa aliye Kajaga na linakwenda kwa aliyebaki mjini. Mfano huo unapotosha. Vitenzi hivyo hutegemea mahali alipo msemaji, ilhali nishati mwendo hutegemea kasi ya mtazamaji. Watu wawili hao, wakiwa wamesimama, watapata jouli zile zile. Neno "mtazamo" nalo halifai, kwa kuwa hudokeza maoni. "Fremu ya marejeo" ni istilahi ndefu, lakini ni salama zaidi.

Aidha, si kila kiasi hubadilika. Magari mawili ya kilo 1,000 kila moja, yakija kwa mita 10 kwa sekunde, yagongane uso kwa uso na kunasana. Kwa aliye kando ya barabara, jouli 100,000 zote hugeuka joto, sauti na mabati yaliyokunjamana. Kwa mtazamaji aliyekuwa akienda sambamba na gari mojawapo, na anayeendelea na mwendo wake bila kupunguza, jumla ya awali ni jouli 200,000; baada ya mgongano mabaki yana 100,000. Zilizopotea ni 100,000 zile zile. Uharibifu haumtegemei mtazamaji, na mwanafunzi anastahili kuambiwa yote mawili.

Tangu 2021 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchini Burundi, ambako sayansi hufundishwa zaidi kwa Kifaransa, hadhi hiyo haitatosha iwapo istilahi zitabeba nusu ya dhana. Inapendekezwa kwa watunga kamusi na mitaala kwamba fasili isomeke hivi: nishati mwendo ni nishati ya kitu itokanayo na mwendo wake kwa kulinganishwa na fremu ya marejeo iliyotajwa. Nyongeza hiyo ni ndogo, lakini bila yake hesabu za Kajaga zitaonekana kupingana.