Mintarafu ya Maneno Shoga, Basha na Hanithi katika Uchunguzi wa Chuo Kikuu

Kusudi la makala hii ni kuyapima yaliyoandikwa na wataalamu juu ya watu waitwao mashoga, mabasha, mahanithi na wasagaji, na kuonyesha kwamba uchunguzi huo umejengwa kwa maneno ya Kiswahili lakini aghalabu umeandikwa kwa lugha nyingine. Jambo hili si dogo. Lugha ya mwandishi huamua mapema mambo ambayo yalipasa kuamuliwa na ushahidi.

Maandishi yenyewe si ya jana. Mwaka 1899 ilichapwa makala ya Kijerumani kuhusu Unguja, ambayo iliandika majina kadha ya Kiswahili, mojawapo likiwa mke-si-mume. Mwaka 1977 Unni Wikan alichapa katika jarida la Man uchunguzi wake wa mji wa Sohar, Oman, akidai kwamba khanithi wa huko ni jinsi ya tatu, si mume wala si mke. Mwaka uliofuata Gill Shepherd alimjibu katika jarida hilo hilo kwa ushahidi wa Mombasa, na mwaka 1987 akaieneza hoja yake katika kitabu kilichohaririwa na Pat Caplan. Deborah Amory alirudi kwenye pwani yetu katika makala ya mwaka 1998, na mwaka 2011 Sylvia Tamale wa Chuo Kikuu cha Makerere akahariri mkusanyo mkubwa wa maandishi juu ya ujinsia katika Afrika. Yote haya yaliyotoka tangu 1977 ni ya Kiingereza.

Hoja ya Shepherd yastahili kusifiwa kwanza. Alikataa kuwafanya watu wa Mombasa kuwa kioja, akaeleza kuwa shoga huhesabiwa kuwa mwanamume bado, na kwamba cheo na mali hufaa zaidi katika kuyafahamu mahusiano haya kuliko tabia ya mtu peke yake. Lakini hoja yake ina upungufu. Mji wa kale wenye nasaba na vyeo vya kurithi ni mahali pamoja tu. Ikiwa mali ndiyo ufunguo, basi ufunguo huo ujaribiwe pia mahali ambapo mali haina nasaba, huja leo na kutoweka kesho. Amory naye alifanya vyema kusikiliza watu wanavyosema, na kuliandika hata neno magai, la asili ya Kiingereza, ambalo limekwisha kuvikwa kiambishi cha Kiswahili.

Tazama sasa mzigo wa lugha. Kiingereza humlazimisha mwandishi achague kiwakilishi cha mume au cha mke kila amtajapo mtu. Mwandishi wa habari za shoga hutoa hukumu katika sentensi yake ya kwanza, kabla hajaleta ushahidi wowote, na sehemu kubwa ya mabishano juu ya khanithi wa Sohar ni mabishano juu ya hukumu hiyo. Kiswahili hakina taabu hii. Yeye ni yeye; a- ya kitenzi humchukua mwanamume na mwanamke sawasawa. Mchunguzi aandikaye kwa Kiswahili aweza kueleza kurasa nyingi za maisha ya mtu bila kumtia katika fungu ambalo mwenyewe hakulitaja. Chombo hiki cha uchunguzi tunacho, nasi hatukitumii.

Hata hivyo tusijisifu, maana kamusi zetu zina lawama yao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, yalipa neno shoga maana mbili, ya rafiki wa kike kwa mwanamke mwenziwe, na ya mwanamume wa aina tunayoizungumza. Msomaji haelezwi maana ipi ilitangulia, wala ni wapi moja yaifukuza nyingine. Neno hanithi latumika mara kwa mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, mara kwa mwanamume alalaye na wanaume, kana kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Wako pia wanaosema kwamba kiambishi ma- katika mashoga na mabasha ni alama ya dharau. Si kweli. Twasema mabwana, mafundi, madaktari, wala hatumdharau mtu. Na msagaji, ambalo ni tusi vinywani mwa wengi, limo katika ngeli ya m-/wa- pamoja na mwalimu na mkulima. Dharau haikutoka katika sarufi. Imetoka kwa wasemaji.

Jinsi dharau hiyo inavyosafiri yaweza kuonekana mbali na pwani. Kata ya Bugarama, upande wa Kahama katika Mkoa wa Shinyanga, iko jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Wenyeji wengi ni Wasukuma, na juu yao wamekuja watafutaji wa riziki kutoka mikoa mingi, ambao lugha yao ya kukutania ni Kiswahili. Huko nimewasikia wanawake wauzao chakula wakiitana shoga kwa furaha kama waitanavyo wanawake wa Unguja. Na hatua chache tu kutoka hapo nimewasikia vijana wakirushiana neno hilo hilo kwa kutaka ugomvi. Mahali kama hapa pangefaa sana kwa uchunguzi wa kukua kwa maana, na kwa kuipima hoja ya Shepherd.

Lakini hapo pana hatari, na kanuni zetu za uchunguzi hazijaifikiria. Tangu zamani tumewafundisha wanafunzi kuandika jina la msemaji, umri wake, kijiji chake na kazi yake. Katika somo hili mambo manne hayo ni sawa na hati ya kumkamatia mtu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania chatoa adhabu iwezayo kufika kifungo cha maisha. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2023 yaadhibu hata lile iliitalo kueneza, kwa kifungo kiwezacho kufika miaka 20, na mwalimu wa chuo hana budi kujiuliza mhadhara wake utahesabiwaje.

Wenzetu wengine husema kwamba kulichunguza jambo ni kulifundisha. Jibu langu ni fupi: aliyelieleza neno uchawi katika kamusi hakuwa mchawi, wala hakuwaloga wasomaji wake. Na asemaye kwamba mambo haya ni mageni kwetu hana budi kwanza kutueleza mke-si-mume, ambalo halina sehemu hata moja ya kigeni, lilikuwa likitafuta nini Unguja mwaka 1899.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kamusi zitenge maana ya neno na tusi la wasemaji, na kila tusi liandikwe kuwa ni tusi. Tasnifu za somo hili zikubaliwe kwa Kiswahili, na zipimwe kwa kipimo kile kile cha tasnifu nyingine. Na jina la msemaji lisiandikwe mahali popote, hata katika daftari la mwanafunzi. Likikosekana hili la tatu, afadhali hayo mawili yangoje.