Kupima Chuo cha Wakufunzi wa Urubani: Mwongozo kwa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Mkufunzi wa urubani hupimwa kwa jambo moja kuliko yote: uwezo wa kumwachia mwanafunzi akosee, huku ndege ikibaki salama. Chuo kinachojenga uwezo huo ni chuo bora, hata kama ndege zake ni kuukuu na ofisi yake ni kontena. Kisichoujenga humtoa rubani yuleyule aliyeingia, ila sasa ana idhini ya kufundisha.

Shinyanga na Geita zina viwanja vingi vya ndege, na vingi vililetwa na madini. Mwadui, mahali ambapo John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, pana uwanja wake. Migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na Geita nayo ilijengewa njia za kurukia. Uwanja wa Ibadakuli huhudumia mji wa Shinyanga, na uwanja wa Geita ulioko Chato una njia ya kilomita 3. Vyuo vya urubani, hata hivyo, viko mbali. Anayetoka Kahama au Geita huangalia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) Dar es Salaam, kilichoteuliwa kuwa kituo cha umahiri wa usafiri wa anga chini ya mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia. Au chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Au shule za uwanja wa Wilson, Nairobi. Au Afrika Kusini.

Upande wa karatasi hauhitaji maneno mengi. Chuo kiwe na ithibati ya mamlaka ya anga ya nchi kilipo. Kwa Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi hutaka saa 40 angani, au 35 ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Ya rubani wa kibiashara hutaka 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Mwombaji wa idhini ya ukufunzi lazima awe na maarifa na uzoefu wa rubani wa kibiashara. Aliyepata leseni Kenya, Uganda au Afrika Kusini hupitia TCAA kabla ya kufundisha kwenye ndege yenye usajili wa Tanzania (5H), kwa hiyo masharti na gharama za hatua hiyo ziulizwe kabla ada haijalipwa.

Baada ya karatasi huja hewa, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Nyanda za Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa hupungua uzito hadi ndege hufanya kazi kana kwamba iko kwenye mita 2,000. Cessna 172 iliyojaa huhitaji mbio ndefu kwa karibu nusu zaidi ya zile za Dar es Salaam kabla haijaacha ardhi, na ikishaacha hupanda kwa kujikongoja. Mwalimu aliyefunzwa pwani pekee huacha kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, injini inapata mafuta mengi mno kulinganisha na hewa, nguvu inapungua, na mwanafunzi wake anarithi kosa hilohilo. Soroti iko kwenye kimo kinachokaribiana na cha Shinyanga, na Wilson iko juu zaidi, karibu mita 1,700. Kwa anayekusudia kurudi Kanda ya Ziwa, hiyo ni sababu nzito ya kuzifikiria. Akichagua Dar es Salaam, adai safari za mafunzo za kwenda Dodoma au Mwanza ziwemo kwenye ratiba, zifanyike saa za joto, na hesabu za uzito na urefu wa njia azifanye mwenyewe kwa kalamu.

Hali ya hewa ya Ziwa Victoria nayo ina tabia zake. Radi huchemka juu ya maji usiku na alfajiri, kisha mchana mawingu huhamia nchi kavu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya ATR 42 ya Precision Air ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba wakati hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Chuo chenye uzito hutumia matukio kama hilo darasani kwa heshima na kwa undani: rubani alikuwa na taarifa gani, mafuta yalimruhusu kufika wapi, na saa ya kugeuza ilikuwa ipi. Chuo kinachotaja ajali kwa kunong'ona kinawanyima wanafunzi somo lililolipiwa kwa maisha ya watu.

Ubora wa ufundishaji wenyewe huonekana ndani ya ndege. Chuo kiombwe kiti cha nyuma katika somo moja la kutua, kwa ruhusa ya mwanafunzi. Ndege iko mita chache juu ya njia, na mwanafunzi anachelewa kunyanyua pua. Mwalimu dhaifu tayari ameushika usukani kimyakimya. Magurudumu yanagusa taratibu, na mwanafunzi anaondoka hajui ni nani aliyeitua ndege. Mwalimu stadi ameweka kiganja wazi pajani, vidole vikiwa jirani na usukani, miguu ikiwa karibu na kanyagio bila kuzikandamiza. Ndege ikidunda kidogo, ananyamaza. Ikiruka tena juu huku kasi ikiisha, anatamka wazi kwamba ameichukua, anaongeza nguvu ya injini na kwenda kuzunguka upya. Mpaka kati ya mdundo wa kwanza na wa pili ndiyo taaluma yenyewe, na haufundishwi kwa kitabu. Mkufunzi mtarajiwa aulize ni masomo mangapi atakaa kiti cha kulia huku mkufunzi mkongwe akiigiza makosa ya mwanafunzi, tena bila kutangaza ni kosa lipi linakuja.

Wakishashuka, yasikilizwe mazungumzo. Mwalimu mzuri huanza kwa kumuuliza mwanafunzi aliona nini, kisha humchorea mzunguko wa uwanja na kuonyesha kosa lilipoanzia, ambalo mara nyingi liko kilomita 2 kabla ya pale lilipoonekana. Mazungumzo ya dakika tatu yanayofanyika mkono ukiwa kwenye simu ni dalili mbaya.

Hali ya ndege husomwa kwenye kitabu cha hitilafu kuliko kwenye rangi ya bodi. Kitabu kisicho na hitilafu hata moja kwa miezi kinatia shaka, kwa kuwa ndege ya mafunzo hupigwa chini kila siku na lazima iharibike. Kinachotakiwa ni hitilafu zilizoandikwa, zikatiwa saini na fundi, tarehe zikiwa karibu. Mirija ya kupimia kasi iwe na vifuniko vyake ndege ikilala, maana nyigu hujenga humo kwa siku chache. Kuhusu mafuta, ndege nyingi ndogo hutumia Avgas, ambayo nje ya viwanja vikubwa mara nyingi huja kwa mapipa, na pipa huweza kuingia maji. Mwanafunzi anayechota sampuli kila asubuhi na kuinua chupa kwenye mwanga bila kukumbushwa ameshatoa ushahidi juu ya walimu wake.

Kwa anayetafuta kazi ya kufundisha, swali la kwanza ni namna anavyolipwa. Mkufunzi anayelipwa kwa saa za angani tu hushawishika kuruka chini ya wingu baya na kumrefushia mwanafunzi kozi. Mwenye mshahara wa msingi anaweza kusema hapana na bado akala. Swali la pili ni nani mkuu wa wakufunzi na amefundisha miaka mingapi. Vijana wengi hufundisha ili wakusanye saa za kuhamia kwenye Cessna Caravan za mashirika yanayoruka Kanda ya Ziwa, na hakuna aibu katika hilo. Tatizo ni shule ambayo wote wako njiani, mgeni akifundishwa na mgeni wa mwaka jana.

Mkataba usomwe kifungu cha kufidia mafunzo: muda wa kutumikia, kiasi kinachopungua kila mwezi, na kinachotokea shule ikikosa ndege. Shule inayokataa kuandika hilo la mwisho ikwepwe, kwa sababu ndege ya mafunzo inaweza kukaa chini miezi ikisubiri kipuri, na mkufunzi asiyeruka hupoteza wepesi wake upesi kuliko rubani wa safari.