Joho la Kirangozi

Msafara uliokaribia Kazeh, mji tunaouita Tabora leo, haukuingia vivi hivi. Kwanza mizigo ilifunguliwa, na watu waliotembea miezi kutoka Bagamoyo wakiwa na kipande cha nguo kiunoni wakatoa mavazi ya heshima waliyoyabana ndani ya matumba tangu pwani. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipoingia tarehe 7 Novemba 1857, walinzi wake wa Kibaluchi walikuwa wamekwisha kujipamba asubuhi ileile. Bendera zikapepea, baragumu zikalia, bunduki zikapigwa, na watu wakajipanga njiani kutazama. Mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, Juni 1871, aliingia Unyanyembe, eneo hilohilo la Tabora, kwa utaratibu huohuo, maana ndio uliokuwa adabu ya njia. Mimi naliita onyesho la mavazi, na watazamaji wake walikuwa wakali.

Aliyetangulia mbele alikuwa kirangozi, mwongoza msafara, mara nyingi Mnyamwezi. Burton, mtu mgumu wa kusifu Waafrika, alimtazama kwa makini mno hata leo fundi anaweza kulishona lile vazi kwa kufuata maandishi yake. Ni joho jekundu, sufu nzito ya ng'ambo, la urefu wa kama mikono minne, limetobolewa katikati ili shingo ipite, na vishada vyake vikining'inia mbele na nyuma. Kichwani ngozi ya mbega au ya paka-mwitu, imezungushwa shingoni hadi mabegani, na juu yake fungu la manyoya ya bundi au ya korongo mwenye taji. Mkononi usinga, na chuma chenye ncha iliyopinda kilichovishwa shanga za rangi mbalimbali. Kisha vibuyu vidogo vya ugoro na dawa.

Angalia akili iliyomo. Sufu ile haikuchongwa mabega wala haikutiwa mikono. Tundu moja tu, na kitambaa chote kilichobaki kikaachiwa kufanya kazi yake, yaani kutikisika. Mtu akitembea, vishada vinatangulia na kufuata. Wekundu unaonekana kutoka mbali katika nyasi zilizokauka za mbuga, na manyoya yanamwongezea urefu ili hata mpagazi wa mwisho, aliyeinama chini ya mzigo, ajue mbele ni wapi. Vazi hili lilikuwa alama ya njia, cheo na tamthilia kwa pamoja. Wabunifu wa jukwaa husomea miaka mingi jambo hilo: vazi lisomeke na mtu wa safu ya nyuma.

Wala halikuwa vazi la nchi moja. Manyoya na ngozi vilitoka porini kwetu, sufu ikatoka Ulaya, shanga nyingi zikatoka Venice. Wapagazi waliomfuata walivaa merikani, pamba nyeupe ghafi ya viwanda vya Massachusetts iliyoletwa Unguja na mabaharia wa bandari ya huko, Salem, hasa baada ya Marekani kutiliana mkataba na Seyyid Said mwaka 1833. Nguo nyeusi ya kaniki ilitoka India, nguo ya rangi ya sohari ikatoka Oman. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokausha pamba, viwanda vya India na Uingereza viliiziba nafasi, lakini jina la merikani likabaki midomoni. Vyote vikapimwa kwa mkono, shuka na doti, na doti ingali hai kila mama anaponunua kanga.

Wengi wanaposimulia biashara hii humfanya mtu wa bara kuwa mpokeaji, mtu wa kushangaa chochote kinachong'aa. Sivyo. Stanley alipokuwa akinunua shanga Unguja ilimbidi ajifunze kwanza nini kinapendwa wapi, kwa sababu shanga nyeusi zilizokubalika Ugogo hazikuwa na thamani kwingine, na zile kubwa kama yai zilizotakiwa Ujiji zingekataliwa njia nzima. Mfanyabiashara aliyekosea alibaki na mzigo wa kubebesha watu bure. Kwa hiyo ladha ya mtu wa Unyamwezi ilisafiri kinyumenyume, ikapanda jahazi na meli, ikawafikia waliofuma na waliotengeneza. Hayo ndiyo mabadilishano ninayoyaheshimu: yule anayevaa anamwamuru anayeshona, hata kama hawatakutana kamwe.

Isisahaulike kwamba nguo hiyohiyo ililipia pembe za ndovu na ililipia watu. Doti zilihesabiwa mbele ya binadamu waliofungwa minyororo, njia ileile. Na merikani haikukuta bara tupu: Burton mwenyewe aliona Unyamwezi wafumaji wa pamba yao, na ufundi huo ukadidimia kadiri nguo ya kiwandani ilivyozidi. Anayelisifu joho jekundu na alisifu akiyajua haya.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikakoma. Haja ya kuingia kwa kishindo haikukoma. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani, ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa magwanda, kofia na vyeo vya kujitungia. Wako waliosema ni kumwiga mzungu tu. Hao hawajapata kumtazama mtu akivaa kofia ya afisa kwa kuinamisha kidogo, kiasi cha kumfanya afisa mwenyewe aonekane ameivaa vibaya. Njuga nazo, zile kengele ndogo za chuma walizofunga wapagazi miguuni, hadi leo zinalia katika ngoma za Wanyamwezi na Wasukuma jukwaani.

Siku hizi mavazi yetu husafiri katika masanduku ya makumbusho. Mwaka 2013 Makumbusho ya Uingereza iliandaa onyesho la vitambaa vya Afrika, kanga zikiwemo. Mwaka 2017 sanaa za Waswahili zilionyeshwa katika jumba la Krannert, Illinois, kisha zikapelekwa Washington. Kazi nzuri, na nguo zilitunzwa kuliko tunavyozitunza sisi. Ila kioo kina kasoro moja kubwa: kinaonyesha mshono na kuficha mwendo. Joho la kirangozi likitundikwa ukutani ni blanketi lenye tundu.

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, lipo tembe walimokaa Livingstone na Stanley, sasa makumbusho, na ni moja ya vituo vya njia ya kati ya misafara ambayo Tanzania iliiweka mwaka 2006 katika orodha ya awali ya UNESCO. Wageni wawili wamesimuliwa vya kutosha. Ningependa chumba kimoja wapewe waliovaa: doti ya merikani, kaniki, sohari, shanga kwa aina zake, na joho jipya lililoshonwa na fundi cherehani wa Tabora. Nje, mara moja kwa mwaka, mtu anayejua kulitembeza alivae na kuuongoza msafara kuingia mjini kwa baragumu. Likishazoea mwili, lipelekwe Salem kwa muda, pamoja na mvaaji wake na mpiga ngoma, nauli zao zote watatu zikilipwa.