Kati ya Kabla na Baada

Kiyovu, mtaa wa mlimani katikati ya Kigali, uliwahi kuwa na majina mawili: Kiyovu ya matajiri, yenye miti na kuta ndefu, na Kiyovu ya maskini, iliyobomolewa na wakazi wake wengi kuhamishiwa Batsinda. Mifuko iliwatenganisha jirani na jirani. Mkorogo wa kujichubua, lakini, haukuheshimu mpaka huo. Mwishoni mwa 2018 Rais Paul Kagame aliitaka Wizara ya Afya na polisi wachukue hatua, na muda si mrefu msako ukapita madukani kukusanya krimu zenye haidrokwinoni na zebaki. Wanyarwanda huziita *mukorogo*. Neno la Kiswahili limevuka mpaka likiongezewa herufi moja tu.

Polisi hubeba makopo. Tangazo la krimu linabaki.

Hapo ndipo kazi ya Mkenya Ng'endo Mukii inapopata uzito. Filamu yake fupi *Yellow Fever*, ya mwaka 2012, aliifanya akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London. Jina hilohilo mwanamuziki Fela Kuti alikuwa ameupa wimbo wake juu ya kujichubua, mwaka 1976. Mukii anachanganya michoro ya mkono, sauti za wanafamilia wake wakihojiwa, na miili ya watu halisi inayohuishwa picha kwa picha: mtu anapigwa picha, anasogea kidogo, anapigwa tena, hadi ngozi ya binadamu itembee kama kikaragosi. Sekunde moja ya sinema huhitaji picha 24. Ni kazi ya kuumiza mgongo.

Uchovu huo una maana yake. Bango la krimu huonyesha nyuso mbili, ya kabla na ya baada, kisha huruka yote yaliyo katikati. Mchoraji wa katuni hana ruhusa ya kuruka. Riziki yake iko hukohuko katikati, ambako vifundo vya vidole hugoma kung'aa na mtoto hujifunza kutamani rangi ya mwingine.

Kwa kulinganisha, Wafaransa wa kundi la H5 walijenga jiji zima kwa nembo za makampuni katika katuni yao *Logorama*, wakalibomoa kwa kicheko, na mwaka 2010 wakapewa Oscar. Ni ustadi wa kweli. Lakini nembo zile hazina jasho, na mtazamaji hutoka bila kujikuna. Ya Mukii inawasha.

Mwenye projekta na ukuta mweupe pale Kiyovu aitafute. Haifiki hata dakika kumi.