Kuhamisha Usukani

Gari linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Butembo hupita Kenya na Uganda likishika kushoto. Likishavuka mto Lubiriha na kuingia Kasindi linahamia kulia, maana Kongo bado inafuata utaratibu wa Wabelgiji. Usukani wenyewe haujahama. Dereva amebaki upande wa mtaro, na akitaka kulipita lori kwenye kilometa 54 za Beni hadi Butembo, hana budi kumuuliza abiria wa kushoto kama njia iko wazi.

Wamarekani walijua zamani kwamba usukani hufuata barabara. Ford ya Canada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ilipewa soko la makoloni ya Uingereza, ikaunda magari yenye usukani wa kulia. Mwaka 1911 Ford ikafungua kiwanda Manchester, na General Motors ikaja Nairobi miaka ya 1970. Ushuru uliwasukuma kuunda karibu na mteja; barabara ya mteja ikaamua upande wa dereva.

Kiwandani hilo huamuliwa kabla bati halijakatwa. Fundi wa Butembo anayehamisha usukani analikuta gari limeshakamilika, naye anang'oa tablo yote, yaani dashibodi, mpaka ukuta wa bati kati ya injini na viti uonekane. Anapima, anapima tena, ndipo anatoboa tundu la kushoto na kuziba la kulia kwa kuchomelea. Kremayeri, ile reli yenye meno inayogeuza magurudumu, haipinduliwi tu, kwani gari litakata kinyume. Inatafutwa ya kushoto. Zinafuata pedali, pampu ya breki, na nyaya moja moja. Kisha msaidizi anakanyaga pedali huku fundi, akiwa amelala chini ya gari, akifungua na kufunga skrubu mpaka mafuta ya breki yatoke bila hata kipovu. Mteja haoni sehemu hiyo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi asiye na haraka.

Hawezi yote. Mlango wa abiria wa Hiace unabaki kushoto, watu wanashukia katikati ya barabara.

Basi, ukienda kulichukua gari lako, usiridhike kuona usukani uko kushoto. Omba uone pampu ya breki, na uliza kama taa zimebadilishwa, maana za zamani zitammulika machoni dereva anayekuja mbele yako. Fundi hodari atafurahi kuulizwa.